Akiba Haiozi: Mazungumzo Juu ya Mwimbaji Sathima Bea Benjamin



Kamati ya sherehe ilipotuomba sisi wa kamati ndogo ya elimu tuandae mazungumzo, wengi wenu mlijua tutaimba wimbo wetu ule ule wa marejesho, hisa na faini za wachelewaji. Leo tunawapumzisha. Hesabu za miaka kumi mtazipata kwa Mama Mweka Hazina, naye amezipanga vizuri kuliko sisi. Sisi tumechagua kuwazungumzia habari za mwanamke mmoja mwimbaji na santuri yake moja. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana mwishoni tutarudi kwenye sanduku letu, na kwenye ile hoja inayotusubiri katika mkutano mkuu wa mwezi ujao.

Mwanamke huyo ni Sathima Bea Benjamin, wa Cape Town, Afrika Kusini. Alikuwa mwimbaji wa jazz.

Hapa tuelewane kwanza. Sisi watu wa Morogoro tukisikia neno "jazz" mawazo yanakwenda moja kwa moja kwa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Western Jazz, au Dar es Salaam Jazz. Zile zilikuwa bendi zetu za dansi, za magitaa, na sote tulizicheza au mama zetu walizicheza. Jazz aliyoimba Sathima ni ile iliyozaliwa na watu weusi wa Marekani: piano, besi kubwa inayopigwa kwa kusimama, ngoma zinazopigwa taratibu, na mwimbaji mbele. Jazz hiyo ina nyimbo zake za hazina. Nyingi zilitungwa Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1940, kwa ajili ya maigizo na sinema, na kila mwimbaji wa jazz anatakiwa azijue. Huko hakuna anayekuuliza kwa nini unaimba wimbo ulioimbwa na watu mia kabla yako. Huo ndio mtihani wenyewe. Ni kama nyimbo zetu za kumtoa bibi harusi. Maneno tunayajua sote, lakini tunajua pia ni nani akianzisha yeye ukumbi mzima unanyamaza.

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1936, akapewa jina la Beatrice. Jina la Sathima lilikuja ukubwani, alipewa na mpiga besi Johnny Dyani, na maana yake ni mtu mwenye moyo mwema. Alilelewa Cape Town na bibi yake mzaa baba, katika nyumba ya adabu kali. Bibi alikuwa na redio. Mtoto alikuwa akikaa karibu na redio ile, anasikiliza nyimbo za Marekani na Uingereza, anayanasa maneno na kuyaandika haraka kabla wimbo haujaisha. Hakuwa na vitabu vya muziki, alikuwa na sikio na penseli tu. Baadaye akaanza kuimba kwenye mashindano katika majumba ya sinema, wakati wa mapumziko.

Wakati ule serikali ya makaburu ilikuwa inawagawa watu kwa rangi. Sheria mbili za mwaka 1950 zilitosha: moja ya kumwandikisha kila mtu rangi yake, nyingine ya kumpangia mahali pa kuishi kufuatana na rangi hiyo. Yeye aliandikwa chotara. Alisomea ualimu akafundisha, kisha muziki ukamvuta. Alipokuwa na miaka kama 21 alijiunga na kundi la maonyesho lililokuwa likizunguka nchi nzima. Kundi likafilisika, na binti akajikuta amekwama Msumbiji. Jamani, wangapi kati yetu wangerudi kwenye uimbaji baada ya hapo? Yeye alirudi.

Mwaka 1959, huko Cape Town, alikutana na mpiga piano kijana aliyejulikana kwa jina la Dollar Brand, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Abdullah Ibrahim baada ya kusilimu mwaka 1968. Mwaka huo huo wa 1959 Sathima alirekodi nyimbo za kutosha santuri nzima, huyo kijana na wenzake wawili wakimpigia vyombo. Nyimbo zenyewe zilikuwa zile za hazina tulizozitaja. Ingetoka, ingekuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za jazz kurekodiwa Afrika Kusini. Haikutoka.

Hiyo shikeni kidole kimoja.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi watu waliokuwa wakiandamana Sharpeville, wakafa watu 69. Baada ya hapo serikali ikatangaza hali ya hatari na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Mwanamuziki ataishije mahali ambapo watu kukusanyika ni kosa? Wengi walianza kuondoka. Sisi hapa hatuhitaji kusimuliwa sana juu ya watu wa Afrika Kusini walioikimbia nchi yao. Mazimbu ni pua na mdomo, na wakubwa wetu wanaikumbuka shule ya Solomon Mahlangu na watoto waliosoma pale mbali na mama zao. Sathima na Dollar Brand waliondoka mwaka 1962 wakaenda Ulaya, mpaka mji wa Zürich, Uswisi, na huko Brand na wenzake wakapata kazi ya kupiga katika klabu iliyoitwa Africana.

Mwezi wa Februari 1963 Duke Ellington alifika Zürich na bendi yake. Kwa asiyemjua, huyu Duke alikuwa mmoja wa wakubwa wa jazz wa karne ile, mtunzi, mpiga piano na kiongozi wa bendi. Vijana wa Africana walikuwa kazini usiku ule, hawawezi kutoka. Aliyekwenda ni Sathima. Alikwenda nyuma ya jukwaa, akamkabili mzee yule mashuhuri, akamwomba aje klabuni kuwasikiliza vijana wa Afrika. Msichana asiye na pesa wala cheo, katika nchi ya watu! Na Duke alikuja. Akawasikiliza vijana, na akataka kumsikia na yeye mwenyewe aliyekuja kumwita.

Wakati huo Duke alikuwa na idhini ya kuitafutia wanamuziki kampuni ya kurekodi iitwayo Reprise, iliyoanzishwa na mwimbaji Frank Sinatra. Siku chache baadaye wote wakaitwa studio, Paris. Vijana watatu walirekodi nyimbo zao, na Sathima akarekodi zake. Duke mwenyewe alikaa kwenye piano kumpigia baadhi ya nyimbo, na msaidizi wake mkuu, Billy Strayhorn, akampigia nyingine. Mdenmark mmoja, Svend Asmussen, alikuwa na fidla, lakini badala ya kuikwaruza kwa upinde alikuwa akizidonoa nyuzi kwa vidole. Sathima alikuwa na miaka 26.

Santuri ya wale vijana ilitoka, Duke Ellington akaandikwa juu yake kwamba ndiye anayewatambulisha kwa ulimwengu, na njia yao ikafunguka. Santuri ya Sathima haikutoka. Kampuni iliona haitauzika.

Shikeni kidole cha pili. Na akina mama, tusipite hapa mbio mbio. Mwanamke ndiye aliyekwenda kubisha hodi, na kule ndani kazi yake ilikuwa nzuri kama ya wenzake, ila mlango uliofunguliwa ulikuwa wa wenzake. Hatusemi haya kumlaumu Brand, ambaye alimwoa Sathima mwaka 1965 na kupiga naye muziki miaka mingi. Tunasema kwa sababu hapa ukumbini wamo wanawake waliomtafutia mtu mwingine kazi, mkopo au kiwanja, na majina yao hayakuandikwa popote.

Je, alikaa chini akalia? Hapana. Mwaka ule ule wa 1965 aliimba na bendi ya Duke katika tamasha la jazz la Newport, Marekani. Alilea watoto wawili. Waliishi wakihamahama kati ya Ulaya, Afrika na Marekani. Mwaka 1976, akikaribia miaka 40, ndipo alipotoa santuri yake ya kwanza kufika dukani, African Songbird, iliyorekodiwa Afrika Kusini. Mwaka 1977 familia ikahamia New York, wakapanga katika hoteli iitwayo Chelsea, iliyokuwa makazi ya wasanii wengi.

Na mwaka 1979 alifanya jambo ambalo sisi wanakikundi tutalielewa kuliko wengi. Alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kurekodi. Akaiita Ekapa, yaani Cape Town kwa Kixhosa. Hakusubiri tena mtu wa ofisini amwambie kama sauti yake itauzika au haitauzika. Alitafuta wapigaji, akalipia studio, akasimamia uchapishaji. Santuri mojawapo ya mwanzo ilikuwa ya nyimbo za Duke Ellington, mtu aliyemfungulia studio miaka 16 kabla. Akaendelea hivyo miaka ya 1980, akiziimba nyimbo za hazina pamoja na alizotunga mwenyewe juu ya Afrika na juu ya nyumbani kwao. Hakutajirika. Lakini kazi zake zilitoka, zikiwa na jina lake, na umiliki ukiwa wake.

Sasa turudi Paris. Zile nyimbo za Februari 1963 zilihesabiwa kwamba zimepotea. Yeye mwenyewe aliishi miaka yote ile bila kuzipata. Kumbe fundi mitambo wa siku ile, Gerhard Lehner, alikuwa amejiwekea nakala ya kanda. Ikakaa kwake. Miaka ya 1990 mwandishi mmoja, David Hajdu, aliyekuwa akichunguza maisha ya Billy Strayhorn ili amwandikie kitabu, akaufuata mkondo wa habari mpaka kwa fundi yule, na kanda ikaonekana. Ikatolewa katika CD kwa jina la A Morning in Paris, maana yake asubuhi moja Paris. Sathima alikuwa na miaka 60 hivi.

Hebu fikirini mwanamke wa miaka 60 anakaa kusikiliza sauti yake ya miaka 26. Strayhorn alikwisha kufa tangu mwaka 1967. Duke alikufa mwaka 1974. Lakini pale wako hai wote wawili, wanampigia piano taratibu, wanamsubiri amalize neno.

Sisi tumeisikiliza. Mjukuu wa mmoja wetu alituwekea kwenye simu, tukakaa jikoni watu wanne na chai yetu. Tusiwadanganye, mwanzoni tulishangaa. Hakuna kupaza sauti, hakuna mbwembwe. Anaimba polepole mno, kama mtu anayekuambia jambo jirani asisikie. Mmoja wetu alisema, "Huyu mbona haimbi, anaongea?" Ulipofika wimbo wa tatu, hakuna aliyesema tena, na chai ikapoa. Maneno ni ya Kiingereza na mengine hatukuyapata, lakini tulielewa kwamba yule msichana aliyekuwa akiandika karibu na redio ya bibi yake alikuwa ameyafikiria kila neno kabla ya kulitoa. Na tulielewa jambo lingine: sauti ile haikuwa imeharibika kwa kukaa miaka zaidi ya 30. Ilikuwa vile vile ilivyowekwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Msemo huo tumeuandika ukutani kwenye chumba chetu cha vikao, tunausoma kila Jumamosi. Lakini habari za Sathima zimetufanya tuusome upya. Mnakumbuka tulishika vidole viwili. Santuri mbili, mwimbaji yule yule, nyimbo za aina ile ile, na zote mbili hazikutoka wakati wake. Ile ya Paris ilitufikia mpaka jikoni kwetu. Ile ya Cape Town ya mwaka 1959 haikutolewa. Tofauti haikuwa ubora wa sauti. Ya Paris ilikuwa na mtu aliyeweka nakala. Kwa hiyo akiba haiozi, ni kweli, ila lazima awepo mtu wa kuitunza na ijulikane iko wapi.

Sisi tunalijua hilo kwa machungu. Mwaka wetu wa tatu mvua ilipita kwenye bati, daftari kuu likalowa, kurasa za miezi mitano zikawa uji. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa wiki ile. Nusura kikundi kife. Kilichotuokoa ni tabia ya Katibu wetu wa wakati ule, ambaye hakuna aliyemtuma, ya kunakili kila kikao katika daftari la shule la mwanawe, nyuma ya hesabu za darasa la nne. Tulikuwa tukimcheka kwa hilo. Toka siku ile tuna madaftari mawili, na sanduku letu lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu.

Sasa basi, hoja. Mwezi ujao tutaulizwa kama katiba ibadilishwe, ili mwanachama aliyevuka miaka 60 asipewe mkopo mkubwa, abaki na mkopo mdogo wa dharura tu. Walioleta hoja hii si watu wabaya. Wanasema ugonjwa na kifo havipigi hodi, na deni likibaki litalipwa na nani? Ni swali la haki na linataka jibu.

Jibu letu ni hili. Kifo hakina umri. Katika miaka hii kumi tumewazika wenzetu wanne, na watatu kati yao hawakufika miaka 50. Kwa ajili hiyo tuna wadhamini wawili kwa kila mkopo, na tuna mfuko wa jamii. Vikiwa havitoshi, tuviongezee nguvu kwa wote. Lakini tusimwangalie mtu usoni tukasema huyu hatauzika. Kampuni ya Reprise iliamua hivyo, na kazi nzuri ikakaa gizani miaka zaidi ya 30. Mwanachama mwenzetu wa miaka 63 anaomba mkopo wa kununua mashine ya kukamua alizeti. Si wazo la jana hilo. Tangu tulipoanza amekuwa akilisema, lakini kila zamu yake ilipofika alichukua mkopo wa ada ya mtoto, kisha wa mjukuu, kisha wa matibabu ya mzee. Amerejesha yote, hakuna faini hata moja mbele ya jina lake. Wazo lake halikuzeeka, lilikuwa limewekwa tu. Tunaomba daftari litoe uamuzi, umri usitoe.

Wala tusisubiri kugunduliwa na mtu. Tusije tukaelewa vibaya, tukadhani fundisho ni kukaa kimya mpaka siku moja atokee mwenye kanda. Sathima hakujua kwamba kanda ipo. Hakuishi kwa kuitegemea. Ilipotokea ilimkuta na miaka karibu 20 ya kazi katika kampuni yake mwenyewe. Ilikuwa nyongeza juu ya kile alichokwisha kujijengea.

Tumalizie habari zake. Mwaka 2004 Rais Thabo Mbeki alimtunukia nishani ya Ikhamanga, ambayo Afrika Kusini huwapa wasanii wake. Mwaka 2011 alirudi kuishi Cape Town, mji ambao aliupa jina la kampuni yake akiwa mbali. Alifariki huko tarehe 20 Agosti 2013, akiwa na miaka 76.

Mama Mwenyekiti, tumekula muda. Tunawashukuru wote waliotuunga mkono tangu tulipokuwa wanawake kumi na mmoja chini ya mwembe, na wale waliotucheka pia, maana nao walitufanya tuandike vizuri. Kabla chakula hakijaletwa, tumemwomba yule kijana mwenye simu aiunganishe na spika za ukumbi. Atatuwekea wimbo mmoja tu, uitwao Solitude, uliotungwa na Duke Ellington. Mtasikia piano ni ya Duke mwenyewe, na mtamsikia Sathima wa mwaka 1963. Tunaomba watoto watulizwe na masufuria yaachwe kidogo.

Akina mama hoyee!